Jicho Linauma au Linafifia: Je, ni Fangasi? Tufuate dalili moja baada ya nyingine

Huku magharibi mwa Kenya magonjwa ya macho hufuata kalenda ya shamba. Mvua za Machi hadi Mei zikishika, watu huja na macho yaliyopigwa na jani la hindi wakati wa palizi. Mavuno yakifika Trans Nzoia, zamu ni ya mabua na makapi. Kwenye ukanda wa miwa, kuanzia Muhoroni na Chemelil hadi Mumias, hakuna msimu: jani la muwa lina makali kama msumeno mwaka mzima. Wengi wanaopigwa hivi hupona kwa siku mbili tatu bila dawa kubwa. Wachache huingiwa na fangasi, na hao ndio hufika hospitali wamechelewa.

Wanachelewa kwa sababu fangasi haina haraka. Bakteria mkali hujaza jicho usaha kwa siku moja au mbili, na mtu anakimbia mwenyewe. Fangasi hujichimbia polepole, siku kadhaa, pengine wiki mbili, na muda wote huo mgonjwa yuko kwa chemisti akibadilisha matone. Ndiyo maana kabla hujauliza jicho ni jekundu kiasi gani, uliza kwanza: kabla ya hapa kulitokea nini? Fangasi hupitia milango miwili. Wa kwanza ni wa nje: kitu kimekwaruza au kutoboa jicho, au jicho limepasuliwa. Wa pili ni wa ndani: fangasi imeingia kwenye damu mahali pengine mwilini, na damu ikaipeleka jichoni.

Anza hapa, dalili iwe yoyote

Funika jicho moja kwa kiganja bila kulibonyeza. Tazama kitu kimoja ukiwa umesimama mahali pamoja: kalenda ukutani, bango la duka ng'ambo ya barabara. Kisha badilisha jicho. Macho mawili husaidiana kuficha ubaya wa moja, na kuna watu wanaokaa wiki nzima bila kujua kuwa jicho la kushoto haliwezi tena kusoma tarehe. Fanya hivyo asubuhi na jioni, taa ikiwa ileile.

Acha kusoma uende hospitali leo ukikuta lolote kati ya haya: uwezo wa kuona umeshuka ghafla, kuna doa jeupe au la kijivu juu ya sehemu nyeusi ya jicho, kuna mstari mweupe umetuama chini, mbele ya mboni, mwanga unachoma hadi huwezi kufungua jicho, jicho limetobolewa na chuma, mwiba au waya, au jicho linalouma ni la mtu aliyefanyiwa upasuaji wa macho karibuni. Kama limetobolewa, usilioshe, usilikande, usitie tone lolote. Likinge kwa kitu kigumu kisicholigusa, hata kitako cha kikombe cha plastiki kilichobandikwa plasta, kisha uondoke.

"Jani lilinipiga, na sasa jicho halitulii"

Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote, na hapa nitakaa zaidi.

Sababu ya kawaida kabisa ni mkwaruzo mtupu. Ngozi nyembamba ya juu ya konea, yaani kile kioo angavu cha mbele ya jicho, imechunika. Uchungu wake ni mkali kupita ukubwa wa jeraha, machozi yanamwagika, lakini ndani ya saa 24 hadi 48 unaona nafuu dhahiri. Inayofuata ni kitu kilichokwama chini ya kope la juu: makapi, chembe ya mchanga, kipande cha jani. Huyu kila akipepesa anahisi kukwaruzwa palepale.

Baada ya hizo ndipo kinakuja kidonda cha konea, cha bakteria au cha fangasi. Katika maeneo ya joto na unyevu ambako watu wengi ni wakulima, fangasi ina sehemu kubwa sana ya vidonda hivi, kwa hiyo kubahatisha ni hatari. Chini zaidi kwenye orodha kuna herpesi ya jicho, ugonjwa wa virusi ambao mara nyingi huja bila kuumia na huwa na tabia ya kurudi. Mwishoni kabisa kuna kimelea cha majini kiitwacho akanthamiba, hasa kwa wanaovaa lenzi za macho na kuziosha kwa maji ya bomba au ya tangi. Uchungu wake huzidi kile unachokiona kwa macho.

Ukaguzi wa nyumbani ni huu. Osha jicho kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, mengi, yakitiririka kutoka upande wa pua kwenda nje. Usichokoe kwa ncha ya njiti wala kona ya leso, na usikubali mtu alirambe jicho kwa ulimi ili atoe takataka. Kinywa kina vijidudu vyake. Kisha mwenzako amulike kwa tochi ya simu kutoka pembeni, si moja kwa moja usoni, akitazama juu ya sehemu nyeusi. Konea nzima hung'aa kama kioo kilichopanguswa. Akiona ukungu, doa, au sehemu iliyopoteza mng'ao, ukaguzi umeishia hapo. Hiyo ni kazi ya kliniki.

Kama hakuna doa na maumivu yanapungua, subiri hadi kesho ukiwa mwangalifu. Kama saa 48 zimepita na hali ni ileile au mbaya zaidi, nenda hata kama huoni kitu.

Kwa nini majani? Kwa sababu fangasi wanaokula konea ni walewale wa shambani. Wawili wakuu ni *Fusarium* na *Aspergillus*. *Fusarium* huozesha gunzi la hindi likiwa bado juu ya bua. *Aspergillus flavus*, anayetia sumu ya aflatoksini kwenye mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu, ni miongoni mwa wanaopatikana kwenye vidonda vya macho. Konea nzima huwakataa. Jani likishaichuna, wamefunguliwa mlango.

Kwenye kliniki, mtaalamu atakutilia rangi ya florisini kwa kikaratasi cha rangi ya chungwa, kisha atamulika kwa taa ya buluu. Mahali palipochunika panang'aa kijani. Akishuku fangasi, hatosheki kwa kutazama. Ni kweli kidonda cha fangasi kina sura zake: kingo zenye nyuzinyuzi kama unyoya, uso mkavu ulioinuka, na vidoa vidogo vilivyojitenga pembeni. Lakini hata mwenye uzoefu hukosea akitegemea sura peke yake. Ataweka dawa ya ganzi, akwangue kidogo kwa sindano au kiwembe maalumu, apake kwenye kioo, atone haidroksidi ya potasiamu, na aangalie kwa hadubini. Nyuzi za fangasi zinaweza kuonekana siku hiyohiyo. Kuzikuza maabara ili zijulikane jina huchukua siku, wakati mwingine zaidi ya wiki. Kukwanguliwa kunatisha kwa jina kuliko kwa maumivu. Usikukatae.

Dawa ya kwanza kwa fangasi wenye nyuzi ni matone ya natamisini ya asilimia 5. Shirika la Afya Duniani liliyaweka kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2017, ila hilo halimaanishi kwamba utayakuta kwa kila chemisti. Piga simu uulize kabla ya kufunga safari. Chupa lazima itikiswe kila mara kwa sababu dawa hutuama chini. Utaona unga mweupe ukibaki kwenye kope na juu ya kidonda. Ndiyo dawa yenyewe, usiogope. Siku za mwanzo hutonwa kila saa, hata usiku, kwa hiyo weka alamu na umwombe mtu wa nyumbani akusaidie. Matibabu ni ya wiki kadhaa, na hapa ndipo wengi huteleza: maumivu huisha kabla fangasi haijafa.

Neno kwa anayeuziwa dawa ghali akiambiwa ndiyo mpya na bora. Utafiti uliofanywa India na kuchapishwa 2013 ulilinganisha natamisini na vorikonazoli ya matone. Natamisini ilishinda, na ilishinda zaidi pale adui alipokuwa *Fusarium*. Vorikonazoli ina nafasi yake, lakini ubora haupimwi kwa bei.

"Dawa ya chemisti ilinisaidia siku mbili, kisha jicho likaharibika"

Ukisikia maneno haya, shuku chupa kabla ya kushuku jicho.

Chukua hiyo chupa, tafuta maandishi madogo chini ya jina kubwa la kampuni. Ukiona jina la dawa linaloishia na "sone" au "lone", umeshika steroidi. Mara nyingi imechanganywa na antibayotiki ndani ya chupa moja, kwa hiyo mnunuzi anadhani amepewa "ya kuua vijidudu" tu. Steroidi hupunguza wekundu na uchungu haraka, na ndiyo maana inapendwa. Lakini inafanya hivyo kwa kuwalaza walinzi wa mwili, na fangasi hupata uwanja mtupu. Jicho linakuwa jeupe huku kidonda kikienda chini.

Sababu nyingine, kwa mpangilio. Antibayotiki kama kloramfenikoli au tetrasaiklini haiui fangasi hata ukimaliza chupa tatu; nafuu ya mwanzo ilikuwa ya mkwaruzo au ya mchanganyiko wa bakteria. Au ulitia kitu kingine katikati: maji ya majani, maziwa ya mama, maji ya sukari. Sitagombana na bibi wa mtu hapa. Lakini majimaji yaliyokamuliwa kwenye jani yanarudisha jichoni vitu vilevile vilivyolileta kliniki. Au dawa ni sahihi lakini chupa ilifunguliwa miezi iliyopita, au inatumiwa na watu watatu nyumbani.

Steroidi uliyopewa na daktari wa macho baada ya upasuaji ni habari tofauti. Hiyo usiikatishe mwenyewe. Rudi kwa aliyekupa, leo. Ile ya chemisti, iliyotolewa bila mtu kutazama konea, acha kuitia na uende nayo hospitali. Usiitupe. Chupa tupu ina ushahidi mwingi kuliko maelezo ya "ilikuwa na kifuniko cha buluu".

"Jicho si jekundu, lakini naona vitu vikielea na ukungu unaongezeka"

Sasa tumeingia ndani ya jicho, kwenye ute unaolijaza na retina, utando unaopokea mwanga, iliyo nyuma yake.

Kwa watu wengi vitu vinavyoelea ni umri: ute hubadilika na nyuzi zake huonekana kama mbu wanaopita. Vikiwa vichache, vya zamani, na uoni ni uleule, si dharura. Vikija ghafla kwa wingi, pamoja na miale ya mwanga au pazia jeusi upande mmoja, fikiria retina inayochanika. Hiyo ni leo, wala si kesho. Mwenye kisukari afikirie kuvuja damu ndani ya jicho. Kijana mwenye ukungu na vitu vinavyoelea mara nyingi ana uvimbe wa ndani ya jicho, na kimelea kiitwacho tokisoplasma ni mojawapo ya visababishi.

Fangasi iko chini ya hizo zote. Mtu mzima mwenye afya, ambaye hajalazwa wala kupasuliwa, ni nadra sana kuipata kwa njia hii. Hesabu inabadilika ukijibu ndiyo kwa mojawapo ya maswali haya: Ulilazwa wiki za karibuni ukiwa na dripu ya muda mrefu au mpira kwenye mshipa mkubwa? Ulipasuliwa tumbo? Ulipewa antibayotiki kali kwa siku nyingi? Una kisukari kisichodhibitiwa, saratani unayotibiwa, au dawa za kushusha kinga? Unajidunga dawa za kulevya? Je, anayeugua ni mtoto mchanga aliyezaliwa njiti na kukaa wodini muda mrefu?

Mhusika mkuu hapa ni *Candida*. Huishi kinywani, tumboni na kwenye ngozi za watu wenye afya kabisa bila ugomvi. Mpira wa dripu ukimpa njia, huingia kwenye damu na kukwama mahali penye mishipa midogo mingi, na nyuma ya retina pamejaa mishipa hiyo. Hukua kama kidoa cheupe chenye kingo za pamba, kisha hutoboa kuingia kwenye ute na kufanya madonge meupe, wakati mwingine yamepangana kama shanga kwenye uzi. Mwanzoni hakuna uchungu wa maana. Mgonjwa ametoka wodini, anashukuru Mungu, na ukungu wa jicho anaufikiria kuwa udhaifu wa kuugua. *Aspergillus* akipitia damu ni mkali zaidi: hupenda katikati ya retina, palepale tunaposomea, na uoni huanguka kwa siku chache.

Nyumbani hakuna cha kutengeneza hapa. Hakuna tone la kununua linalofika huko nyuma kwa kiwango cha kutosha. Kinachotakiwa ni mboni ipanuliwe kwa dawa na retina itazamwe. Siku hiyo usiendeshe pikipiki. Mwanga utakuchoma kwa saa kadhaa. Waambie kuhusu kulazwa kwako hata wasipouliza, kwa sababu bila habari hiyo ukungu mweupe ndani ya jicho unafanana na magonjwa mengine, na baadhi ya hayo hutibiwa kwa steroidi.

Ikithibitishwa, tiba huwa ya mwili mzima: flukonazoli au vorikonazoli, kwa kawaida wiki 4 hadi 6 au zaidi. Ugonjwa ukiwa umeingia kwenye ute, daktari bingwa hudunga amfoterisini B ndani ya jicho kwa kipimo kidogo sana cha mikrogramu 5 hadi 10, na mara nyingi huondoa ute wenyewe kwa upasuaji. Vifaa na mikono ya kazi hii haviko kila hospitali, hivyo tarajia rufaa.

"Nilitolewa mtoto wa jicho, nikaona vizuri, sasa panafifia tena"

Tazama kalenda. Maumivu, wekundu na kufifia ndani ya wiki ya kwanza ni bakteria hadi ithibitike vinginevyo, na kila saa ina bei yake. Nenda hata kama ni usiku. Kufifia polepole bila uchungu, miezi au miaka baadaye, mara nyingi ni utando nyuma ya lenzi ya bandia, jambo linalosafishwa kwa leza kwa dakika chache.

Fangasi huja katikati. Wiki au miezi imepita, jicho linawaka kidogo, linatulizwa kwa steroidi, linarudi, linatulizwa tena. Mzunguko huo ndio wa kuutilia shaka. Mwaka 2012 Marekani ilipata mlipuko wa namna hii baada ya dawa za kutumika ndani ya jicho kuchafuliwa na fangasi zikichanganywa, kwa hiyo usijilaumu kwamba hukunawa uso vizuri.

"Kichwa kinapasuka, na naona giza au naona viwili"

Hapa jicho ni mjumbe tu. Kwa mtu anayeishi na VVU ambaye hajaanza dawa, au aliziacha, kichwa kinachouma kwa siku nyingi pamoja na kutapika, shingo ngumu na uoni unaofifia kinaweza kuwa homa ya uti wa mgongo ya kriptokokasi. Huyu naye ni fangasi, wa udongoni na kwenye vinyesi vya ndege. Hupanda hadi kwenye ubongo, shinikizo la ndani ya fuvu hupanda naye, na mshipa wa fahamu wa jicho hubanwa. Kwa jirani zetu wa Kisumu, Siaya na Homa Bay, ambako VVU imeenea kuliko sehemu nyingi za nchi, lazima liulizwe mapema.

Usiende duka la miwani. Nenda kwenye hospitali yenye wodi na uombe kipimo cha damu cha antijeni ya kriptokokasi. Wakisema wanataka kutoa maji ya uti wa mgongo, kubali. Kuyatoa kunapunguza lile shinikizo, na ndiko mara nyingi kunakookoa macho. Ugonjwa huu huua.

"Macho yote mawili yanawasha kila vumbi likipanda"

Karibu hakika si fangasi. Ni mzio. Ila macho ya mzio ndiyo hutiwa steroidi kiholela kwa miaka, hivyo soma tena ile sehemu ya chupa.

Wapi, na ubebe nini

Anza na afisa wa kliniki wa macho kwenye hospitali ya kaunti ndogo. Wengi wana florisini na darubini yenye taa, na rufaa yao hukufungulia mlango. Juu ya hapo kuna hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga mjini Kisumu, ile wazee wanayoiita Russia, Hospitali ya Macho ya Sabatia kaunti ya Vihiga, hospitali ya rufaa ya Nakuru, na ya Moi mjini Eldoret.

Beba kila chupa uliyotumia, karatasi ya kutoka wodini kama ulilazwa, orodha ya dawa zako, kitambulisho kwa ajili ya bima ya afya ya SHA, na mtu wa kukushika mkono wakati wa kurudi. Mweleze mtaalamu tarehe uliyoumia, ulipigwa na nini, na siku gani uoni ulianza kushuka. Usitie tone jipya asubuhi ya kwenda, kwa sababu dawa huweza kuharibu majibu ya kukwangua.

Uliza pia swali ambalo wengi huogopa: nitaona kiasi gani baadaye? Kidonda cha konea kilichopona huacha kovu, na kovu likikaa mbele ya mboni huzuia mwanga hata kama fangasi imekufa yote. Lililo pembeni huenda lisikusumbue kabisa. La katikati linaweza kuhitaji kupandikizwa konea, jambo linalopangwa miezi mingi baadaye, jicho likiwa limetulia. Kwa sasa, ukirudi shambani, vaa miwani ya plastiki ile wanayovaa mafundi wa jua kali. Ya uwazi, siyo nyeusi, ili uione safu ya mahindi.